Anayekupa Kinu

"Anayekupa kinu, muulize mchi uko kwa nani." Ndiyo, hiyo hiyo mliyoisikia redioni, yule mkulima alipowajibu wageni wanaotaka kutujengea bandari. Mnacheka, na maana hamuijui! Methali hii ilianza hivi, na anayetaka kupiga soga atoke nje.

Watu wa Kibesa walilima mpunga. Waliubadilisha kwa chumvi na watu wa milimani, kwa majembe na watu wa ziwani. Ng'ambo ya mto ulikuwapo mji wa Shemba, jana maskini, leo umeinuka, una mafundi na maghala. Siku moja Shemba wakaleta zawadi: kinu cha jiwe kwa kila nyumba, kirefu hadi kiunoni.

"Sisi na nyinyi ni ndugu," akasema mjumbe wao, Semkuya. "Hata sisi njaa tunaijua."

Lo, furaha ya siku ile! Sasa, Kibesa walikuwa na adabu yao: zawadi haikaguliwi mbele ya aliyeileta, na kikija chombo kipya jikoni, cha zamani huchomwa kumpikia mgeni. Basi vinu vya mti vikapasuliwa kuni, na michi yake pia. Wakala, wakacheza ngoma. Wajinga ndio waliwao.

Mavuno yakafika. Wakachonga michi ya mti, jiwe likaipasua. Vinu vya zamani havikuwapo tena, na gogo la kinu hukauka msimu mzima kabla ya kuchongwa. Maghala yamejaa mpunga, watoto wanalia njaa. Bi Nambwe, mama wa watoto wanne, akavuka mto kwa hasira.

"Mchi wake upo, wa chuma," Semkuya akamwambia kwa upole. "Tutauleta kila mavuno. Ila mpunga wenu uje kwetu tu."

"Na watu wa milimani?"

"Chumvi hata sisi tunayo."

"Mbona hamkusema tangu mwanzo?"

"Dada yangu, mbona hamkuuliza?"

Bi Nambwe akarudi na habari hiyo kwao. Kibesa wakakubali, wangefanyaje? Watu wa milimani wakashuka na chumvi, wakakuta hakuna mpunga wao, wakarudi nayo. Inauma, wajukuu zangu.

Mwaka uliofuata Semkuya akaleta majembe ya kukokotwa na ng'ombe. Wazee wakaanza kupiga makofi. Bi Nambwe akasimama, adabu akaiweka kando.

"Ahsante, kaka. Lakini kwanza tuambie, mchi uko kwa nani?"

Semkuya akacheka, akaona hakuna anayecheka naye. Akavuta mkeka, akaketi, wakaanza kupatana.

Basi zawadi pokeeni, na ahsante semeni. Lakini anayekupa kinu, muulize mchi uko kwa nani.