Jogoo Mnene na Jogoo wa Midomo Miwili

Wenye masikio mpo?
Tupo nayo!
Na aliyeyasahau nyumbani?
Akaazime!

Haya basi. Hapo kale Kakakuona alikuwa mfua chuma, naye ndiye aliyegonga sarafu za wanyama wote. Aliweka kipande cha shaba, juu yake akaweka muhuri wa chuma wenye picha ya jogoo, akainua nyundo. Ngo! Jogoo mmoja. Ngo! Jogoo mwingine.

Nguchiro naye alikuwa bingwa wa sarafu. Nani alimpa ubingwa? Alijipa mwenyewe. Alisikia sokoni kwamba sarafu iliyokosewa wakati wa kugongwa ni mali, basi akawa anachungulia sarafu za watu kwa jicho moja, anasema "Mmmh," halafu anachungulia tena, anasema "Mmmh."

Asubuhi moja akaiona sarafu yenye jogoo mnene, kilemba kimevimba, manyoya hayaonekani. "Kosa hilo!" Akatoa kapu zima la mayai, akaichukua, akarudi kwake kifua mbele.

"Baba watoto," mkewe akamwambia, "leo tutakula jogoo wa shaba?"

Nguchiro akaenda kwa Kakakuona kutafuta wa kumuunga mkono. Kakakuona akaitazama ile sarafu, akacheka mpaka magamba yakalia kacha kacha kacha.

"Hili si kosa, bwana wee. Ni muhuri wangu umechakaa. Muhuri ukichoka, picha inavimba na kufifia kidogo kidogo, na kila sarafu inayotoka inafanana na mwenzake. Hebu ona." Akafungua gunia. Jogoo wanene watupu!

Nguchiro akatamani ardhi ipasuke aingie. Akatoa sarafu nyingine mfukoni, mbovu, ambayo wauzaji wote walikuwa wamemkatalia, ili amlipe Kakakuona kwa usumbufu. Jogoo wake alikuwa na midomo miwili, yote imechongoka, ukipitisha kidole unaihisi.

"Unanipa hii?" Kakakuona akashtuka. "Hili ndilo kosa lenyewe! Nyundo iliruka, nikagonga mara mbili. Hii haina pacha nchi nzima. Irudishe mfukoni, ndugu yangu."

Kumbe bingwa wetu siku zote alikuwa anatembea na mali, anachungulia mifuko ya wengine! Akajisema njia nzima: "Nguchiro, wewe ni mbumbumbu. Tena mbumbumbu mwenye kapu tupu."

Kufika nyumbani, lo! Ngiri ameingia shimoni mwa Nguchiro kinyumenyume, kama ngiri wanavyoingia, meno yanachungulia nje. Mkewe na watoto wamesimama juani, na hata hilo jua linaondoka, wingu jeusi linakuja, gudu gudu gudu. Watoto bado wachanga, mvua ile ingewaua. Nguchiro akaogopa kwelikweli.

"Toka, bwana mkubwa, shimo ni langu."

"Nitoe."

Amtoe nani? Kule kwao, lakini, kulikuwa na desturi moja: mtu akichagua kitu akatema mate chini, amemaliza. Hakuna kurudisha, awe mdogo, awe mkubwa.

Nguchiro akakaa chini, akalia kwa sauti.

"Masikini bingwa mimi! Sarafu ninazo mbili, shimo sina! Bwana Ngiri, chagua moja, unipe shimo langu. Ila nakuomba uchukue hii ya midomo miwili, kila mtu ameikataa. Huyu mnene niachie, nimemtolea kapu zima la mayai!"

Na hapo hakusema uongo hata kidogo.

Ngiri akachungulia kwa jicho moja. "Mmmh." Akachungulia tena. "Mmmh. Nataka mnene."

"Huyo hapana, bwana!"

"Nimesema mnene!"

"Basi tema."

"Ptu!"

Ngiri akatoka mbio, mkia juu, moja kwa moja hadi sokoni. "Nani ananunua kosa?"

Swala akatoa jogoo mnene. "Ninaye."

Kobe akatoa jogoo mnene. "Na mimi ninaye."

Kunguru akatoa jogoo mnene. "Na mimi ninaye."

Mvua ikashuka, chwaaa! Ngiri akarudi analowa, anapiga kelele mlangoni: "Nipe ile nyingine!"

Sauti ikatoka ndani, pakavu: "Pole, bwana mkubwa. Ulishatema. Ila usijione mjinga peke yako. Asubuhi nilikosea hivyohivyo, na mimi ni bingwa!"

Ngano imekwisha. Aliyeipenda aibebe, aliyeichoka aniachie nikalalie.

Na funzo lake, wanangu, ni hili: ukikosea, kosea mara moja, tena vibaya sana, nao watakuhifadhi ndani ya hariri. Ukikosea kila siku, polepole, watasema umechakaa tu. Mnanitazama nini? Nimekosea kila siku tangu nizaliwe. Nimiminieni chai.