Kanga Wawili Katika Mji wa Fisi

Paukwa!
Pakawa!
Walio nyuma sijawasikia. Paukwa!
Pakawa!

Haya. Hapo kale, wanyama walipokuwa na miji yao, walikuwapo ndege kanga wawili, Mwanakombo na mdogo wake Mize. Walitamani kuiona chemchemi ya majimoto iliyo katika Mji wa Fisi. Kila mtu aliwakanya. "Mji ule unatisha. Fisi watawala."

Wakaenda. Wakafika jua la utosi. Langoni wakapokewa na Nguchiro, msafi, mpole, maneno yake asali.

"Karibuni, dada zangu. Mji huu mbaya. Msiongee na fisi yeyote. Nifuateni mimi, naijua njia ya mkato."

Mwanakombo akashusha pumzi. "Afadhali tumempata mwenzetu."

Wakaiacha barabara yenye watu, wakaingia kichochoroni. Tepe, tepe, tepe. Mama Fisi amekaa kibarazani, anasuka ukili wa mkeka.

"Wanangu, huko hakuna njia. Rudini barabarani, penye watu."

Nguchiro akanong'ona, "Mmemsikia? Ndivyo wanavyoanza."

Mize akasita. "Dada, turudi."

"Twende," akasema Mwanakombo. Akamshika bawa, akamvuta.

Wakaenda, wakaenda. Mbele, ukuta. Nguchiro akageuka. Kwaru! Akamdaka Mize shingoni. Mwanakombo puruuu, mpaka juu ya paa. Nguchiro akapenya tundu la ukutani na Mize wake.

Mama Fisi akaja mbio, anahema. Amechelewa. Akainama, akaokota manyoya ya Mize, akasimama nayo mkononi. Wageni wengine wakatokea, wakamwona.

"Fisi amekula mgeni."

Wakamvamia kwa mawe. Pu, pu, pu. Mama Fisi akainua macho juu ya paa. "Mwanangu, waambie. Wewe umeona."

Mwanakombo alikuwa ameona. Akafungua mdomo. Lakini angesema hilo, ingebidi aseme pia ni nani aliyemvuta mdogo wake kwa bawa. Akaufunga. Akaruka, akarudi kwao.

Mama yake akauliza, "Mize yuko wapi?"

"Kaliwa na fisi."

Kijiji kizima kikasema, tuliwaambia. Na kule mjini Mama Fisi akazikwa siku ileile.

Wasikilizaji, ugenini mpime mtu kwa pale anapokupeleka, si kwa kabila lake wala ulimi wake. Anayekutoa penye watu usimfuate. Na ulichokiona, kiseme, hata kikikuchoma.

Ngano yangu naitua hapa. Mzigo wake uchukueni ninyi.