Jumatatu za Nungunungu

Paukwa!

Pakawa!

Na ninyi wa nyuma, mmelala? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale palikuwa na chuo kikuu cha wanyama. Kilijengwa na wenye pembe, kikafundishwa na wenye pembe, hata viti vyake vilipimwa kwa makalio ya wenye pembe. Siku moja wakatangaza kuwa mlango uko wazi kwa kila mnyama. Nungunungu akaja. Alitaka kusomea uganga, maana kwao bondeni watoto walikuwa wanakufa kwa homa na mganga hakuna.

Mtihani wa hapo uliandikwa kwenye majani ya mgomba. Ukimaliza, unayashona kwa uzi, kisha nje unapiga unyayo wako, pu! Ijulikane ni wa nani. Halafu unampelekea Mwalimu Kuro, naye wa pembe, asahihishe.

Nungunungu akasoma mpaka macho yakavimba. Akaandika, akashona, akapiga unyayo. Pu! Majina yakabandikwa ukutani. Nungunungu kafeli. Kuro akawaambia wenzake kuwa wenye miiba ndivyo walivyo, vichwa vizito.

Nungunungu akaenda kwa Mkuu wa Chuo, Tandala, akamweleza maneno ya Kuro. Tandala akasikitika. Alisikitika huyo, mpaka leso ikalowa. Akaunda Kamati ya Usawa. Na mjumbe wa kwanza nani? Nungunungu. Eti yeye ndiye anayejua inavyouma. Na kikao lini? Kila Jumatatu asubuhi, saa ile ile ya somo la dawa za homa.

Jumatatu ya kwanza wakachagua rangi ya bango. Jumatatu ya pili wakamchora Nungunungu kwenye bango, anacheka. Hakuwa anacheka. Jumatatu ya tatu ikawa sikukuu ya usawa, kila mmoja alete chakula cha kwao. Akapika Nungunungu peke yake. Jamani! Mwaka mzima, Jumatatu kwa Jumatatu, na Kuro hakuitwa hata siku moja.

Mtihani wa pili ukaja. Nungunungu akasoma kwa madaftari ya kuazima. Akaandika, akashona, akapiga unyayo. Pu! Safari hii majani yakarudi na barua. Amefeli mara ya pili, tena Jumatatu zote hakuonekana darasani, basi afunge virago.

Akaenda nayo kikaoni. Tandala akaisoma, akasikitika tena. Akasema iundwe kamati ndogo ya kuichunguza barua hiyo, mwenyekiti awe Nungunungu.

Miiba ikasimama. Chaka-chaka-chaka!

"Mkuu, nimechoka," akasema. "Kila siku naulizwa mimi, na anayesahihisha ni Kuro. Mwiteni Kuro."

Kuro akaitwa. Nungunungu akaweka majani mezani. Uzi wake ulikuwa haujaguswa, fundo lile lile alilolifunga mwenyewe. Alama iliandikwa nje, kando ya unyayo.

"Umesahihishaje bila kufungua?"

Kuro alishangaa hata kuulizwa. "Nifungue ya nini? Unyayo si nimeuona?"

Wenye pembe wote wakatazama sakafu. Tandala akaukata uzi, akamwamuru Kuro asome kwa sauti. Jani la kwanza, sahihi. La pili, sahihi. La tatu, la nne, sahihi. Mpaka mwisho likapatikana kosa moja tu, la dawa iliyofundishwa siku ya Jumatatu.

Barua ikachanwa. Kuro akanyang'anywa kazi ya kusahihisha. Tandala akasimama, akakohoa, akatoa hotuba ndefu ya pongezi, akatangaza kuwa kuanzia leo Nungunungu ni mwenyekiti wa kamati maisha yake yote. Wakageuka wampigie makofi. Kiti kitupu. Ilikuwa Jumatatu, na Nungunungu alikuwa keshafika darasani, ananakili dawa za homa.

Basi sikieni, wakubwa na wadogo. Aliyekanyagwa hapewi kazi ya kuuinua mguu uliomkanyaga. Mwenye mguu auinue. Hadithi yangu imeishia hapo, na mwenye kutaka kuniweka kwenye kamati, mimi sipo.