Ankara ya Damu ya Subilaga

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, maana kadi za bima zilikuwepo na foleni za hospitali zilikuwepo, aliishi mwanamke aitwaye Subilaga. Alikuwa mpishi wa shule ya bweni katika mji mmoja wa milimani huko Rungwe. Kwa miaka kumi na moja aliwapikia wanafunzi mia nne ugali na maharage, na kwa miaka kumi na moja mshahara wake ulikatwa bima kila mwezi. Hakuwahi kulazwa. Hakuwahi kuchomwa hata sindano. Alikatwa tu. Shikeni hapo: alikatwa tu.

Mwaka wa kumi na mbili akaugua.

Ilianza homa. Akapimwa malaria, hana. Akapimwa taifodi, hana. Siku ya sita macho yakawa ya manjano, mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, miguu ikakataa kumbeba. Wapishi wenzake wakampeleka hospitali. Dirishani wakaichukua kadi yake, wakaisoma kwenye kompyuta, wakamwambia, "Mama, bima yako iko hai. Usiwe na wasiwasi."

Akalazwa. Baada ya siku mbili Daktari Lugano akamtazama tena, akamminya tumbo, akatikisa kichwa. "Mama, figo zako zinaanza kugoma. Nimeshakupa dawa mbili, zote zimeshindwa. Nataka kipimo kimoja cha damu nijue ninapigana na nani."

Subilaga alikuwa hoi, lakini mtu anayeishi kwa mshahara mdogo hasahau kuuliza. "Bima inalipa, daktari?"

"Kipo kwenye orodha. Inalipa."

Ilikuwa Ijumaa alasiri. Damu ikatolewa, ikapelekwa kwa Anyitike, kijana wa maabara. Na mashine ya kipimo hicho, jamani, ilikuwa imekufa wiki tatu zilizopita! Anyitike alijua kwamba ipo maabara ya binafsi jijini Mbeya. Alijua pia kwamba kupeleka damu nje kunahitaji kibali cha bima. Akapiga simu ya bima. Ikamwimbia muziki. Akapiga tena. Muziki. Alipiga mara saba, na mara ya saba sauti ya kurekodiwa ikamwambia ofisi zimefungwa hadi Jumatatu.

Akaenda wodini kumuuliza mgonjwa mwenyewe. Subilaga alikuwa anaweweseka, anawaita wanafunzi waje kuchukua uji.

Damu ile haikuweza kungoja Jumatatu. Ikipita siku moja, haifai tena. Anyitike akaifunga kwenye kisanduku cha barafu, akaipakia kwenye gari la mizigo lililokuwa likienda Mbeya. Maabara ya huko ikampigia: "Nani mdhamini wa malipo?" Akasema, "Andikeni mimi." Wakaandika.

Jumamosi mchana majibu yakaja. Ni ugonjwa unaoletwa na mkojo wa panya. Na dawa yake? Ilikuwa pale pale hospitalini, kwenye kabati, bei yake haifiki hata ya kuku mmoja. Daktari Lugano akaianza saa ile ile. Siku ya tatu Subilaga akaomba uji. Siku ya kumi na mbili akatoka kwa miguu yake.

Mwezi ukapita, ankara ya maabara ya Mbeya ikamfikia Subilaga. Shilingi laki saba na themanini elfu. Mshahara wa Subilaga ni laki mbili na nusu! Akaipeleka kwa watu wa bima. Wakajibu kwa barua ya mistari miwili: dai limekataliwa, maabara haimo kwenye orodha, kibali hakikuombwa.

Subilaga hakulia. Alijifunga khanga kiunoni, akaenda kwa Mganga Mkuu wa hospitali, akasema, "Waite wote. Nataka kuwasikia wakisema mbele yangu."

Wakaitwa. Wakakaa kwenye ukumbi wa hospitali, na wagonjwa wakasimama madirishani.

Daktari Lugano akasema, "Mimi nilitibu. Niliagiza kipimo kilichomo kwenye orodha. Mashine ikifa, siitengenezi mimi. Mgonjwa wangu yu hai. Kosa langu liko wapi?"

"Uliniambia bima inalipa," Subilaga akasema.

"Ingelipa, mama, kama kingefanyika hapa."

"Hukusema 'kama', mwanangu. Hilo 'kama' ndilo laki saba na themanini."

Akasimama bwana Shangali wa bima, suti imenyooka, faili kwapani. "Tunahurumia. Lakini huu ni mfuko wa watu wengi. Tukilipa kila ankara isiyo na kibali, maabara zitajiandikia bei zitakazo, na fedha zitakauka. Kesho atakuja mwingine mwenye figo mbovu, akute hamna kitu. Utaratibu ni ngao ya wote."

"Baba, mliponikata kila mwezi kwa miaka kumi na moja, mlisubiri kibali changu?"

Kule madirishani wakapiga makofi. Shangali akafunga faili, akalifungua tena.

"Na simu?" Anyitike akauliza. "Nilipiga mara saba."

"Ijumaa tunafunga saa tisa na nusu. Imeandikwa."

"Ugonjwa haujasoma hayo maandishi!"

Mganga Mkuu akagonga meza. Akamgeukia Mwalimu Mwakabungu, mkuu wa shule. "Mwalimu, hawa panya walitoka wapi?"

Mwalimu akainama. "Bohari la chakula. Subilaga aliniambia mara mbili kwamba panya wanakojolea magunia. Fedha ya kuziba matundu ilikuwepo. Lakini paa la bweni la wasichana liliezuliwa na upepo, watoto wakawa wanalala wakinyeshewa. Nikaezeka paa. Kati ya panya na mvua, nilichagua watoto. Ingekuwa wewe ungefanyaje?"

"Ningemwambia mpishi wangu avae viatu vya mpira," Subilaga akasema. "Nilikuwa nafagia pale kwa kandambili."

"Na hiyo mashine?" sauti ikatoka dirishani. "Wiki tatu mbovu, mwenyewe ni nani?"

Mganga Mkuu akajibu, "Ni ya hospitali. Fundi niliandika aitwe. Kipuri hakijafika hadi leo. Hospitali haiwezi kulipa kila kinachopimwa nje, tutafunga milango."

Basi bwana Shangali akatoa karatasi failini mwake, akaisogeza mbele ya Subilaga. "Mama, kuna njia. Andika hapa kwamba hukuombwa ruhusa damu yako ipelekwe nje. Ni kweli, si ndiyo? Ukisaini, wewe hudaiwi tena. Deni litabaki kwa aliyejiandika mdhamini."

Wote wakamtazama Anyitike. Kijana mshahara wake laki nne, mkewe mjamzito wa miezi minane.

Anyitike akasema, "Saini, mama. Ni kweli sikukuuliza. Nilikuja, hukuwa na fahamu, nikaamua mwenyewe."

Subilaga akaichukua kalamu. "Nikiandika hivi nimesema kweli. Lakini ona kweli inayotakiwa kwangu! Daktari ana kweli yake, bima ina kweli yake, mwalimu ana kweli yake, na zote zimewaokoa wenyewe. Yangu ndiyo inatakiwa imle huyu mtoto aliyenitoa kaburini. Ninyi wote mlifuata utaratibu, mimi nikawa nakufa. Huyu peke yake aliuvunja. Ndiye alipe?"

Akaiweka kalamu mezani. Hakusaini. Wala hakusema atalipa.

Mganga Mkuu akajaribu kuwagawia mzigo, kila mmoja abebe kidogo. Wakakataa. Bima ikasema kulipa hata shilingi moja ni kukiri kosa. Mwalimu akasema vivyo hivyo. Daktari vivyo hivyo. Na maabara ya Mbeya ilikuwa imetoa siku saba: liletwe jina moja la mdaiwa, ama shauri liende mahakamani. Mganga Mkuu akabaki na karatasi yenye mstari mmoja mtupu, hajui aujaze vipi.

Haya, wasikilizaji. Yuko daktari aliyeahidi bila kuuliza. Yuko mtu wa bima aliyekula makato akafunga simu. Yuko mwalimu aliyewaacha panya akaezeka paa. Iko hospitali yenye mashine mfu. Yuko kijana aliyejidhamini bila kutumwa. Na yuko Subilaga, ambaye damu ni yake na uhai ni wake.

Msiniambie wagawane, wameshakataa. Mstari ni mmoja. Je, liandikwe jina la nani?