Kisu Kisicho na Mkwaruzo

Hii imenifikia asubuhi ya leo, nami nimeona si haki kukaa nayo peke yangu. Isome yote kwanza, kisha umpe na mwenzio.

Katika kijiji kimoja cha wakulima wa michungwa, kila nyumba ilikuwa na kitalu chake, na kila mtu mzima alitembea na kisu cha kukunja mfukoni. Kisu hicho ndicho cha kubebeshea miche. Unatoa jicho la mchungwa mtamu, yaani kile kichipukizi kidogo kilicholala kwenye kijiti, unalipachika ndani ya gome la mche wa mlimau, kisha unafunga kwa utepe wa nailoni. Jicho likishika, mche ule unakua mchungwa. Mkato ukichanika, jicho linakufa, na hapo hakuna mbolea itakayokusaidia.

Hapo kijijini aliishi mjane mmoja, Bi Mwanaidi, na watoto wake wawili ambao walikuwa watu wazima, Mhando na mdogo wake Zaituni. Mtoto wake wa kwanza, Sefu, alifariki kabla hajaanza kutembea. Kilichobaki cha Sefu duniani kilikuwa mchungwa mmoja nyuma ya nyumba. Kwao, kitovu cha mtoto kikizikwa hupandwa mti juu yake, na mti huo huitwa kwa jina la mwenyewe. Kwa hiyo Bi Mwanaidi hakusema anakwenda kupalilia mchungwa. Alisema, "Nakwenda kumpalilia Sefu."

Zaituni alikuwa na kisu cha gulioni, vile vya mpini wa mti vinavyomwagwa kwenye turubai pamoja na vijiko na vitana. Bei yake ilikuwa ndogo hata muuzaji hakusumbuka kuisema mara mbili. Lakini alikipenda, jamani. Alipenda mlio wake kikifunguka, alipenda kinavyomenya muwa bila kukwama. Kila asubuhi kabla ya kazi alikaa kizingitini, akalowesha jiwe, akakinoa taratibu mpaka kinyoe vinyweleo vya mkono. Kwa kunolewa huko chuma chake kilikuwa kimekonda kama jani la mchaichai.

Cha Mhando kilikuwa kingine kabisa. Mjomba wake alimletea kutoka safari ya mbali, chuma kisichoshika kutu, mpini wa pembe, na ala yake ya ngozi. Mhando alikifuta kwa mafuta kila jioni. Ungeweza kujitazama usoni. Ila jiwe hakikuwahi kulionja tangu kilipofika, na miche yake mingi ilikufa, naye akilisingizia jua.

"Kaka, kinoe," Zaituni alimwambia.

"Nikipeleke kwenye jiwe kipate mikwaruzo? Bandu bandu huisha gogo. Tazama chako, kimebaki mfupa."

"Bora kiishe nikikitumia."

"Kitakuaibisha hicho. Rahisi huvunja upishi, mdogo wangu."

Sisemi kwamba Mhando alikuwa mtu mbaya. Alikuwa kama wengi wetu, anaipenda mali yake mpaka anaihurumia.

Mwaka mmoja mvua zilizidi, na mizizi ya mchungwa wa Sefu ikaoza. Mti ukaanza kukauka kutoka juu. Lilibaki tawi moja tu lenye uhai, na hilo nalo macho yake mazima yalikuwa machache mno.

Bi Mwanaidi akawaita wanawe. "Sijawahi kuwaomba kitu kikubwa," alisema. "Mhamisheni mwenzenu kabla hajakauka. Mpeni pengine pa kusimama."

Wakalikata tawi, wakalifunga kwa kitambaa kibichi, wakalipeleka kitaluni. Mama akakaa kwenye kigoda karibu nao. Mhando alianza, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa. Kisu kiliteleza, kisha kikachana, na jicho likatoka limepasuka. Akajaribu la pili, akaliponda. Jasho lilimtoka, akasogea pembeni.

Zaituni akakunjua kisu chake. Akapasua gome la mlimau, mkato ukaja safi hata mama akashusha pumzi. Akaelekeza kisu kwenye kijiti, akavuta. Kile chuma chembamba kikakatika penye mpini, kikamchana kidole, na jicho nalo likaharibika.

Likabaki jicho moja.

Mhando hakumcheka. Methali zake zote zilikuwa zimemkauka mdomoni. Duka lilikuwa mbali, wembe hupinda kwenye kijiti, na tawi lilikuwa limeshaanza kusinyaa.

"Kaka, tutumie chako," Zaituni alisema huku akinyonya kidole chake.

"Si umeona hakikati?"

"Chuma chake ni kizuri kuliko changu mara nyingi. Kinataka jiwe tu."

Mhando akakishika kisu chake kwa mikono miwili. "Kitaharibika," alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini sana.

Hapo ndipo mama yake aliposema.

"Mhando mwanangu, mimi nilimzika Sefu hana alama hata moja mwilini. Goti lake halikuwahi kuchubuka, maana hakuwahi kusimama akaanguka. Watu walinifariji, wakasema amekwenda akiwa msafi. Mimi nilitamani kovu. Usinionyeshe kitu kisicho na mkwaruzo ukadhani nitakisifu."

Mhando aliinama, machozi yakamdondoka waziwazi. Akaliomba jiwe la dada yake. Akalilowesha mwenyewe, akakilaza kisu juu yake, akasukuma. Mng'ao wa miaka yote ukaondoka kwa mara moja.

"Kilaze zaidi," Zaituni alimwelekeza. "Usikikandamize. Sasa geuza upande wa pili."

Alinoa mpaka vinyweleo vya mkono wake vikaanza kuondoka. Kisha akakiweka kisu chini mbele ya Zaituni, kwani kwao watu hawapokezani kisu mkononi, wanaogopa kugombana. Zaituni hakukiokota.

"Mkubwa ni wewe," alisema. "Kata wewe."

Akakata. Jicho likatoka zima, laini upande wa chini, likateleza ndani ya gome la mlimau bila kulazimishwa. Zaituni akafunga utepe. Mama alibaki pale kigodani mpaka jua lilipohamia upande wa pili wa kitalu.

Kabla utepe haujafunguliwa, mti mkubwa ulikuwa umekwisha kukauka wote. Wakaukata, kuni zake hawakuzichoma.

Siku ya kufungua walikwenda wote watatu. Mhando akakata ule utepe polepole. Jicho lilikuwa bichi, limevimba, na ncha ya kijani imeanza kuchungulia. Bi Mwanaidi akapiga magoti kwenye udongo, akaligusa kwa ncha ya kidole, akamshukuru Mungu. Alilia, na wanawe wakamwacha alie.

Aliponyanyuka alimtazama Mhando, bila hasira yoyote.

"Na yale macho mawili ya kwanza," alisema, "nayo yangeishi."

"Ndiyo, mama," Mhando alijibu. "Yangeishi."

Funzo: Ulichopewa, kiwe cha bei ya gulioni au cha fahari, kitumie na ukinoe kabla ya siku ya kuhitajika, hata kikipata mikwaruzo, maana tunachokihurumia kisiguswe, gharama yake hulipwa na wale tunaowapenda.