Fremu Isiyo na Kadi

Hadithi hii nimeipokea kwa mtu aliyeipokea kwa mwingine. Sikuona vema ikomee kwangu. Isome polepole.

Katika milima ya Rungwe, mahali ukungu unaposhuka mpaka ukagusa majani ya chai, aliishi fundi pikipiki aliyeitwa Ambakisye. Mikono yake iliijua kila injini, lakini yeye mwenyewe hakuwa na pikipiki. Asubuhi alitembea kwenda kibandani, jioni alitembea kurudi. Pikipiki ikizimika mbali, kazi ilichukuliwa na fundi mwenye usafiri. Vijana wa kijiweni walimtania: "Fundi, hizo kandambili unazijaza mafuta kituo gani?" Naye alicheka nao, kisha akainamia kazi.

Baba yake, Mzee Lwitiko, alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache. Mama alikuwa ametangulia zamani. Mzee naye alipofariki, Ambakisye aliingia kusafisha stoo. Nyuma ya magunia, chini ya turubai lililooza, akakuta fremu ya pikipiki.

Ilikuwa ya zamani, nzito, ya aina isiyotengenezwa tena. Kutu ilikuwa ya juu juu, chuma chenyewe kilikuwa kizima. Kasoro ilikuwa moja tu: upande wa kushoto, kikanyagio cha abiria kilikuwa kimekatika, kikaacha kishina kifupi chenye meno.

Ambakisye aliduwaa. Hakuwahi kumwona baba yake juu ya pikipiki. Baba alikuwa mtu wa miguu. Hata akienda kanisani hakupita njia ya darajani kama watu wengine. Alizunguka juu, kwenye mashamba ya chai, iwe mvua iwe jua, na wanawe wakimfuata nyuma. Wakimuuliza, alijibu kwamba kutembea ni afya.

Fundi akapekua sanduku la marehemu. Humo mlikuwa na vyeti vya ubatizo, risiti za mbolea na picha ya harusi. Kadi ya pikipiki, ile inayomtaja mwenyewe, haikuwemo.

Habari zikamfikia Mwaijande, muuza vipuri. Akaja, akaizunguka fremu, akainama na kuipangusa namba iliyogongwa shingoni mwa fremu.

"Fundi, chuma bila kadi ni mzigo," alisema. "Mimi ninayo kadi ya pikipiki iliyofia ajalini. Saga namba hii, tugonge ile ya kwenye kadi. Kesho unapanda kama wanaume wenzako."

Ambakisye aliitazama fremu, akayatazama na matope ya miguuni mwake. Tamaa ilimpitia kama homa, ikamwacha.

"Nitapanda, kaka, lakini kila kona nitakuwa nachungulia kama mwizi. Acha tu."

Mwaijande akacheka kwa pua, akaenda zake.

Ambakisye akaipeleka namba polisi. Haikuwa miongoni mwa pikipiki zilizoibwa. Mwenyekiti wa kijiji akamweleza kilichobaki: fremu iwekwe hadharani kwenye mkutano wa kijiji, na mwenye madai ajitokeze. Naye fundi alete shahidi wa kuthibitisha kwamba ilikuwa ya baba yake. Akifanikiwa, angepewa barua, aende nayo mahakamani kuapa, ndipo aombe kadi.

Fundi akatafuta shahidi kila nyumba. Hakumpata. Hakuna aliyewahi kumwona Mzee Lwitiko na pikipiki, na wengine walimuuliza kama kweli anamzungumzia baba yake.

Siku ya mkutano, fremu ililazwa kwenye nyasi mbele ya ofisi ya kijiji. Mwenyekiti akauliza nani anaijua.

Akasimama Mwaijande. Akasema ni yake, aliibiwa angali kijana bila kuripoti polisi, na moyo wake haukuwahi kuisahau. Kisha akaitaja namba yote, bila kuinama, bila kukwama. Watu wakaguna kwa kukubali. Ambakisye alijua namba ile ilikaririwa lini, lakini angemwambia nani? Mwenzake alikuwa na namba kichwani. Yeye hakuwa na kitu mkononi.

Ndipo nyuma ya watu akainuka mjane mmoja wa ng'ambo ya mto, Bibi Sekela. Alikuja akijikongoja hadi mbele, akafungua fundo la kitenge chake, akatoa kipande cha chuma. Akaketi kwenye nyasi kando ya fremu. Akakisogeza kile kipande kwenye kishina cha upande wa kushoto.

Meno yakaingia kwenye meno.

Bibi akaanza kueleza, kwa sauti ya mtu aliyeyarudia maneno hayo peke yake kwa miaka mingi. Jioni moja ya ukungu, yeye akiwa kitandani na homa, mumewe Anyosisye alitoka kwenda zahanati kumfuatia dawa. Kwenye daraja la mbao akagongwa na pikipiki. Aliyemgonga hakusimama. Watu walimkuta Anyosisye asubuhi, amekwisha kukata roho, na kando yake kipande hicho cha chuma.

"Nimekitunza," alisema. "Nilijua mwenzake yupo mahali."

Kisha akainua macho. "Haya, niambieni. Mwenye pikipiki hii ni nani?"

Mwenyekiti akamgeukia Mwaijande. Mwaijande akajifuta uso. Akasema fremu za zamani zinafanana, huenda amechanganya, na namba pia siku hizi zinamchanganya. Akarudi nyuma taratibu, akaketi mahali ambapo migongo ya watu ilimficha.

Lakini Ambakisye hakuwa anamtazama. Neno moja lilikuwa limemshika. Darajani. Neno hilo lilimfungulia miaka yote ya utoto wake. Alimwona baba akipanda kwenye mashamba ya chai, mvua ikimchapa mgongoni, na wao watoto nyuma wakiteleza. Haikuwa afya. Wala haikuwa kupenda kutembea.

Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemwona baba yake na pikipiki ile, na kwa wiki nzima alikuwa amelilalamikia jambo hilo. Sasa lilikuwa mlango wa kutokea. Angesema tu kwamba aliiokota kwenye vyuma chakavu, na jina la Mzee Lwitiko lingebaki safi kama lilivyochongwa kwenye msalaba wa kaburi lake.

Akavua kofia, akaenda kuchuchumaa mbele ya mjane.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Pikipiki hii ni ya kwetu. Ilifichwa stooni kwa baba yangu, Mzee Lwitiko. Yeye hayupo, nimebaki mimi. Lolote ulilokuwa unamdai, nidai mimi."

Wazee wa kanisa waliinamisha vichwa. Mtu mmoja alinong'ona kwamba kijana amemfukua baba yake kwa ajili ya chuma.

Bibi Sekela alimtazama fundi usoni.

"Baba yako alikuja msibani kwangu," alisema. "Alichimba kaburi na wenzake. Akalia kuliko ndugu wa marehemu. Tangu siku ile moyo wangu uliniambia, lakini moyo hauwezi kusimama mbele ya mwenyekiti. Nikamngoja aseme. Kila Jumapili nilimtazama kanisani, nikamngoja." Akakigusa kile chuma. "Umesema wewe."

Akamgeukia mwenyekiti, akauliza ni shahidi gani anayetakiwa kwenye barua. Alipoelezwa, akanyoosha kidole gumba kitiwe wino.

"Basi andika jina langu. Mtu hajitwiki kifo kisicho cha kwao ili apate chuma. Fremu hii ni ya baba yake. Mimi Sekela, mke wa Anyosisye, ndiye shahidi."

Mwenyekiti akaandika.

Ambakisye akauliza, kwa sauti ya chini, alipe nini.

"Mume wangu alikuwa anakwenda zahanati, hakufika," alijibu bibi. "Ukishaiunda pikipiki yako, siku nikiumwa utanipeleka. Na hatutazunguka kwenye chai. Utanipitisha darajani." Akamkabidhi kile kipande cha chuma. "Hiki nacho kirudishe mahali pake. Nimechoka kulala nacho."

Kadi ilichelewa, lakini ilitoka, na jina lililoandikwa juu yake lilikuwa halali. Abiria wa kwanza alikuwa Bibi Sekela, akienda kupimwa presha. Alishika bega la fundi, akapanda, akauweka mguu wake wa kushoto juu ya kikanyagio kile kile alichokitunza kwenye kitenge.

Walipofika darajani, Ambakisye alizima injini. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusimama pale. Walisikiliza maji yakipita chini ya mbao.

"Twende, mwanangu," alisema bibi.

Wakavuka.

Funzo: Karatasi huonyesha jina la mwenye kitu, lakini mwenyewe wa kweli hujulikana siku kitu hicho kinapoleta lawama, wengine wote wakikikana, naye akasimama na kusema, "Ni changu."