Sange na Kitufe cha Tarumbeta

Hapo zamani za kale, na si kale sana, maana simu zilikuwepo na mtandao ulikuwepo, wanyama wa mbuga waliishi kama sisi tu. Walikuwa na majiko, walikuwa na mikeka, walikuwa na majirani wanaoazima chumvi na kusahau kurudisha. Na kila aliyejiweza alikuwa na tovuti yake.

Sasa tegeni masikio, msije mkanikatiza mbele ya safari. Tovuti ina vipande vyake: kuna kitufe cha kubonyeza, kuna kisanduku cha kuandikia, kuna menyu ya kuchagulia. Wanyama hawakuwa wajinga hata kila mmoja ajitengenezee kitufe chake. Walikuwa na Maktaba ya Wote, humo humo mtandaoni, yenye vipande vyote, vimeshaandikwa, tayari. Ukitaka kitufe, unachukua bure. Ukiona kina kasoro, unakitengeneza na kukirudisha, na wenzako wote wanafaidi. Jamani, wanyama wana akili!

Ila palikuwa na mila moja. Ukitaka kubadili kipande, unaandika mabadiliko yako na kuyaweka wazi ukumbini, kwenye kioo kikubwa, kila mtu ayaone. Halafu wasimamizi watatu wanayasoma. Wakiridhika wanasema, "Na yaingie!" Yakishaingia, yanafika kwenye simu zote siku hiyo hiyo.

Na wasimamizi walikuwa nani? Wakubwa, nani tena! Tembo, Kifaru na Kiboko.

Mwanzoni kitufe cha maktaba kilikuwa kitu chepesi. Unabonyeza, tap! Kinatii. Akaja Kiboko, akalalamika kuwa vidole vyake vimelowa mchana kutwa, akakiongezea maandishi ya kukifanya kisikie hata kidole chenye maji. Akaja Kifaru, ambaye macho yake hayamsaidii sana, akakiongezea herufi za kuvimba. Tembo naye akaona haiwezekani wenzake wawe na chao yeye akose. Akakiongezea tarumbeta! Kitufe kikibonyezwa, kwanza kilie Paaa-ra-raaa! Ndipo kitii.

Na yote hayo waliyashindilia ndani ya kitufe kimoja. Ukikichukua, umechukua tarumbeta, umechukua herufi, umechukua maji ya Kiboko, utake usitake. Kitufe kikawa kizito kama gunia la mahindi mabichi.

Sange mnamjua? Yule mdogo mwenye pua ndefu, anayepita kwenye majani makavu cha-cha-cha, ukigeuka hayupo. Sange huyu alikuwa mama, na alikuwa na tovuti moja tu, ya kutoa habari za moto. Kiangazi moto huja bila hodi, na wadogo hawana miguu ya kuukimbia ukishafika. Kwa hiyo Sange akinusa moshi, alibonyeza kitufe, simu za wadogo wote zikalia, nao wakakimbilia kwenye majabali kwa Pimbi, ambako hakuna cha kuungua. Hiyo ndiyo iliyokuwa salama yao.

Sasa kiangazi kilichopita alinusa moshi. Akabonyeza. Kitufe kikaanza kuzunguka, zunguuu, zunguuu. Herufi zikavimba. Tarumbeta ikalia "Paaa-" ikakwama. Simu ikaanza upya. Zunguuu! Mpaka tahadhari inatoka, moto uko mlangoni. Sange alimbeba mwanawe Nyemi kwa meno wakavuka majani yanayowaka. Nyemi alipona, lakini mkia wake uliungua, kikabaki kibutu kifupi tu. Kila Sange alipomwona mtoto anakikuna kile kibutu, moyo ulimuuma, na akikumbuka kuwa kiangazi kingine kinakuja, alikosa hata hamu ya kula.

Akapiga moyo konde, akaenda ukumbini.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba, Mama Nyemi," akajibu Tembo bila kugeuza shingo. "Sema upesi, tuna mambo mazito."

"Nami nimekuja kwa jambo zito. Kitufe, wazee. Naomba tukipange upya kwa ndani. Jina libaki lile lile, sura ile ile, atakayekibonyeza asijue kama kimeguswa. Ila tarumbeta iwe na chumba chake, herufi ziwe na chumba chake, na maji vivyo hivyo. Anayetaka tarumbeta atapita kuichukua. Asiyetaka..."

"Asiyetaka?" Masikio ya Tembo yalisimama, pwa! "Nani huyo asiyetaka tarumbeta yangu?"

"Sijasema hivyo, mzee. Wanaoipenda si wataichukua?"

"Na wasipoichukua?"

Sange akaona kwamba kumbe hapo ndipo palipo na kidonda. Huyu mzee mwili wote ule anaogopa asije akakosa wa kumchukulia tarumbeta yake!

"Mawe!" akanguruma Kiboko. "Kitufe kimejengwa na wakubwa, leo aje kukibomoa mwenye miguu kama njiti za kiberiti?"

"Lakini watoto wataungua, mzee!"

"Wafundishe kukimbia," akasema Kifaru. "Mimi nakimbia."

Wakacheka mpaka kioo kikatikisika. Sange alitoka ukumbini macho yamejaa machozi, na hayakuwa ya huzuni peke yake. Alikuwa na hasira, tena hasira za mtu mdogo, ambazo hazina pa kukaa.

Pimbi alimkuta ameshika tama kwenye jabali.

"Wamekukatalia, shoga?"

"Wamenicheka."

"Basi imekwisha. Mwenye nguvu mpishe."

Sange akafuta pua, na pua ile ina urefu, ilimchukua muda. Kisha akauliza, "Shoga, lile pendekezo la Nyani la juzi, lile refu lisilokuwa na mwisho, wazee walilijadili mpaka saa ngapi?"

"Walilijadili wapi! Lilipita kabla chai haijapoa."

"Na lile dogo la Kanga, la kwamba jina la maktaba liandikwe juu au chini?"

"Toba! Hilo si ndilo lililomfanya Kifaru avunje meza?"

"Umeona sasa?" Sange akasimama. "Jambo dogo kila mtu analielewa, kwa hiyo kila mtu ana lake la kusema. Jambo kubwa halieleweki, na hakuna anayetaka ijulikane kuwa halijamwingia. Hawa wazee hawasomi, Pimbi. Wanaogopa kuulizana!"

Pimbi akamtazama. "Unataka kufanya nini wewe?"

"Nifanye nini mimi? Nitafuata mila. Neno kwa neno."

Akaingia kazini. Akakifungua kitufe kwa ndani, mstari baada ya mstari. Tarumbeta aliitoa taratibu, kama mama anayemshusha mtoto aliyelala mgongoni, akaiwekea chumba chake. Akazitoa herufi. Akayatoa maji. Hakutupa kitu hata kimoja. Kila alipomaliza sehemu alikijaribu kwenye simu ya Pimbi, ile kuukuu iliyopasuka kioo. Mara ya kwanza kilikataa kabisa. Mara nyingine kilipobonyezwa, ikafunguka menyu isiyojulikana imetoka wapi, na Pimbi akacheka mpaka akakaa chini. Lakini hatimaye, tap! Kikatii papo hapo.

"Haya!" akasema Pimbi. "Na sura ni ile ile!"

Sange akaandika kila alichobadili na sababu yake, hakuficha hata nukta. Akayaweka yote wazi ukumbini, marefu, yanashuka kwenye kioo kama mvua ya masika. Kichwa chake: Kupanga Upya Kitufe kwa Ndani. Chini yake akaweka pendekezo la pili, lenye mstari mmoja tu: Je, kitufe kiwe rangi gani?

Siku ya kikao ukumbi ulijaa. Tembo akaanza kuyapandisha yale marefu kwa mkonga. Akapandisha. Akapandisha. Akajikuna.

"Mzee Kifaru," akasema, "umeyasoma haya?"

Kifaru, ambaye alikuwa bado anatafuta yanapoanzia, akashtuka. "Mimi? Nimeyasoma! Yote! Hasa pale katikati. Na wewe, Kiboko?"

"Ebo! Mimi niliyasoma kabla yenu. Sema wewe, Tembo."

"Mimi tena?" akasema Tembo, akameza mate. "Nimeyasoma mpaka nimeyachoka."

Sange akainua kidole. Moyo ulikuwa unamwenda mbio, du-du-du, maana hapo ndipo angeweza kukamatwa. "Wazee wangu, kama kuna mahali pasipoeleweka, niko tayari kueleza. Mstari kwa mstari."

"Pasipoeleweka?" akafoka Kiboko. "Kwa nani? Kwa sisi?"

"Samahani, mzee. Nilidhani tu."

"Usidhani! Na yaingie!"

"Na yaingie!" akasema Kifaru.

"Na yaingie, na yaingie," akasema Tembo, jicho liko chini, kwenye ule mstari mmoja. "Hebu tuje kwenye jambo lenyewe. Rangi! Kitufe kitakuwa cha kijivu."

"Hapo umenena," akasema Kifaru. "Kijivu. Kama hiki changu."

"Hicho chako ni kijivu? Hicho ni vumbi! Kijivu ni hiki cha ngozi yangu."

"Nyote vipofu," akasema Kiboko. "Kijivu cha kweli kina wekundu kidogo kwa mbali. Nitazameni."

Wacha wee! Ugomvi ukawaka. Kijivu cha mvua, kijivu cha majivu, kijivu cha jiwe lililolowa! Siku ikaisha, ikaja nyingine, wale wazee wako palepale wanapimana ngozi. Wapiganapo tembo nyasi huumia, ndivyo tunavyosema siku zote. Safari hii walipigana, na nyasi zikapata nafasi ya kupumua.

Maana mabadiliko yalikwishaingia. Kila simu mbugani ilikuwa na kitufe chepesi, na isipokuwa wachache waliosoma kioo, hakuna aliyejua. Wengine walisema mtandao umekuwa mzuri siku hizi. Tembo mwenyewe alibonyeza, tap! akasema, "Mnaona? Vitu vikisimamiwa na wakubwa, vinakwenda." Sange akainama kufunga kamba ya kapu lake, isije ikaonekana kuwa anacheka.

Kisha upepo wa kiangazi ukaanza kuvuma. Adhuhuri moja, jua kali, Sange alikuwa anaanika mboga, pua ikamcheza. Akanusa upande huu. Akanusa upande ule. Moshi!

Akaikumbuka zunguuu ya mwaka jana, akamwona Nyemi na kile kibutu cha mkia anacheza uwanjani. Akabonyeza.

Tap!

Piii! Piii! Piii! Simu zikalia mbuga nzima kwa mara moja. Majani yakatikisika: cha-cha-cha! Panya huyo, Kanga na vifaranga hao, Kobe aliyeanza kabla ya kuambiwa mara mbili. Wakapita mbele ya ukumbi kama maji.

"Mnakwenda wapi nyie?" akauliza Tembo mlangoni, bado ameshika jiwe lililolowa kuonyesha kijivu chake.

"Moto, mzee! Moto!"

Hamadi! Wazee watatu wakatupa mawe, wakatimka kuelekea mtoni, kishindo juu ya kishindo. Moto ukapita, vuuu! Ukala majani, ukala paa la ukumbi. Lakini ulipofika kwenye majabali ya Pimbi, ulikuta mawe tu, na juu ya mawe wadogo wote wamekaa wanautazama. Hapakukosekana hata kifaranga. Sange alimkumbatia Nyemi akalia kwa sauti, wala hakuona haya.

Jioni wazee wakaja, wamelowa na matope. Walikuwa hai, na walijua wanamshukuru nani. Lakini Tembo alikuwa na kitu kinamkera.

"Ahsante, Mama Nyemi. Umetuokoa. Ila... mbona tarumbeta haikulia?"

"Haimo tena kwenye kitufe, mzee."

"Nini! Nani kaitoa?"

"Mimi niliandika. Ninyi mlisema na yaingie."

"Sisi? Tungejua tusingekubali!"

Pale jabalini wadogo wote wakageuka kumtazama Tembo. Sange akauliza kwa adabu, "Kwani hamkuyasoma, wazee?"

Kiboko akamtazama Kifaru. Kifaru akautazama mto. Tembo akapiga hesabu: akisema hakusoma, amejivua nguo mbele ya watoto. Akisema alisoma, basi alikubali.

"Tulisoma," akasema Kifaru mwishowe, akikohoa. "Tulikubali. Lilikuwa wazo jema."

"Basi nina habari zako njema, mzee," akasema Sange, na hapo alisema kweli tupu. "Herufi zako zimechukuliwa na wengi. Fuko kazichukua, na mabibi wote wa ukoo wa Kanga."

Kifaru akatabasamu mpaka pembe ikainuka. Tembo akajongea, sauti imekuwa ndogo, hamtaamini ni Tembo yule yule.

"Na tarumbeta yangu iko wapi?"

"Iko chumbani kwake, mzee, nzima kabisa. Anayeitaka anaichukua."

"Na... kuna aliyeichukua?"

Sange akamtazama, akamwonea huruma kidogo, lakini kidogo tu. "Simu yako si iko mkononi, mzee? Tangu siku ile, umebonyeza mara ngapi? Hata wewe mwenyewe hujapita kuichukua."

Tembo akaitazama simu yake. Akakibonyeza kitufe, tap! Akakibonyeza tena. Kisha akairudisha simu mahali pake, polepole, akaenda zake.

Mkasa wangu ndio huo, na funzo lake ni hili: anayeona aibu kusema sijui, ataitikia hata la kumvua kilemba.